Masta ya Tamaduni, na Bado Hamuelewani na Shosho

Wasee, wacha niseme kitu, matusi mtanitumia baadaye. Kuna shahada ya uzamili inaitwa mawasiliano baina ya tamaduni. Unafunzwa vile watu wa tamaduni tofauti huongea, hukosana na kuelewana. Wazo lenyewe ni poa sana. Shida ni kwamba ziko kozi nyingi za aina hii unaweza kumaliza bila kujifunza lugha hata moja mpya. Unatoka na kofia na joho, unajiita mtaalamu wa tamaduni, halafu ukifika ocha shosho anaongea na wewe kupitia mkalimani. Na huyo mkalimani ni binamu yako wa darasa la sita.

Najua mtaniuliza, "Wewe uliacha chuo, masta inakuhusu nini?" Ndiyo, niliacha mwaka wa pili, karo iligoma. Lakini kitabu hakiulizi kitambulisho cha mwanafunzi. Nimesoma. Twende.

Somo hili lina mababu wawili wakubwa. Wa kwanza ni Edward T. Hall, Mmarekani. Miaka ya 1950 alikuwa akifunza maafisa wa serikali ya Marekani kabla watumwe ng'ambo, kisha 1959 akatoa kitabu chake, The Silent Language. Hapo ujiulize: somo liliundwa limsaidie nani kumwelewa nani? Sisi tulikuwa upande wa kueleweka.

Wa pili ni Geert Hofstede, Mholanzi aliyefanya kazi IBM. Kati ya 1967 na 1973, wafanyakazi wa hiyo kampuni duniani kote walijaza fomu zaidi ya 100,000. Kutoka kwa hizo fomu akapatia nchi alama: nani anaogopa wakubwa, nani anajali kundi kuliko nafsi yake. Kitabu kilitoka 1980, na chati zake bado zinafundishwa. Sasa, Kenya tulipata ngapi? Hatukupata alama yetu. Alipoongeza nchi zingine, tulichanganywa na Tanzania, Ethiopia na Zambia, tukabandikwa jina "Afrika Mashariki", tukapewa alama moja sote. Kwa kipimo cha mtu kujitegemea mwenyewe, 27. Manze, Zambia! Na waliojaza hizo fomu ni watu wa ofisi za kampuni moja ya kompyuta. Mama mboga hakuulizwa, mvuvi wa Lamu hakuulizwa.

Wasomi wenyewe walishalalamika. Mwaka wa 2002 Brendan McSweeney aliandika makala kali akiuliza utajuaje nchi nzima kwa kuhoji wafanyakazi wa kampuni moja. Lakini chati ni rahisi kufundisha, na ni rahisi kuweka kwa mtihani, kwa hivyo bado iko.

Jaribu hiyo alama moja pale Namanga. Vuka mpaka, ingia hoteli ya Arusha useme "Nipe chai" vile tumezoea huku. Chai utaletewa, lakini mhudumu atakuangalia kama mtu aliyetoka kupigana. Kule watu husema "Naomba chai." Huku Nairobi ukianza na "naomba", mtu anadhani huna pesa. Lugha ni ile ile, na chati inasema sisi ni kitu kimoja, lakini neno moja tu linakufanya uonekane huna adabu. Dereva wa lori wa Namanga anajua hii kitu. Hakulipia karo.

Na hapa ndipo inaniuma. Kule Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, kuna Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, na Waturkana wenyewe ambao ndio wenyeji. Kazi ya kuwafanya waelewane kliniki na shuleni inabebwa na wakimbizi wakalimani. Wao hulipwa posho, chini ya mshahara wa Mkenya anayefanya kazi hiyo hiyo. Halafu nafasi ya kusimamia mawasiliano ikitangazwa, sharti ni masta. Kwa hivyo anayejua lugha nne anamtafsiria anayejua nadharia nne, na wa nadharia ndiye bosi. Kwani hiyo ni haki?

Msiseme ni mambo madogo. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Watu walitambuliwa kwa jina na kwa lafudhi. Nchi iliyopitia hayo inahitaji hili somo kuliko Marekani. Ndiyo maana sisemi lifungwe. Nasema lifundishwe kama linatuhusu.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa walimu chuo kikuu hapa Nairobi. Waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na zingine zizunguke hapo. Kulikuwa na kelele, lakini idara ilibadilika. Hao walikuwa watu watatu na karatasi.

Kwa hivyo kama unataka hii masta, iwe hapa ama ng'ambo, usilipe hata shilingi kabla uwaulize maswali matatu. Moja, nitajifunza lugha gani mpya, na nitapimwa kwa kuiongea? Mbili, data mnayofundisha kuhusu watu wetu ilitoka kwa nani? Tatu, nitakaa na watu wapi, kwa miezi mingapi, kabla niandike tasnifu juu yao? Wakikujibu vizuri, enda, na usome kwa bidii. Wakianza kuzungushana na maneno, chukua hiyo karo, panda basi uende Lodwar ama Lamu, ukae huko mwaka mmoja ukijifunza kuongea.

Na nyinyi mnaoandika matangazo ya kazi: weka lugha ya watu mtakaohudumia juu kabisa kwa orodha ya masharti, juu ya masta. Kisha muone ni nani atatokea kwa interviu.