Sigara Marufuku kwa Mtoto, Majani Je?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri. Lakini hapa Bumula, na kule Malakisi, mtoto asiyeruhusiwa kununua sigara moja utamkuta shambani akiwasaidia wazazi kuchuma tumbaku.

Jani la tumbaku lililolowa umande hutoa nikotini inayopenya ngozi. Mchumaji huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kutapika. Ni rahisi kudhani ni malaria. Mwili mdogo wa mtoto huumia zaidi.

Kampuni inaweza kujitetea kuwa haikumwajiri mtoto huyo. Kweli, mkataba ni wa mzazi. Lakini kampuni ndiyo inayokopesha mbegu na mbolea, ndiyo inayopanga gredi za majani, na ndiyo inayokata deni lake kabla ya kumlipa mkulima. Akibakiwa na shilingi chache, vibarua atawalipa nini? Atawaita wanawe.

Basi kugawa glavu pekee hakutoshi. Bei ya majani iweze kumlipa kibarua mtu mzima. Nawe msomaji unayevuta, jiulize: jani hilo lilichumwa na mkono wa nani?