Nyumba Ikivuja Huezekwa

Tarehe 22 Februari 2024, msemaji wa serikali ya Argentina alitangaza kwamba taasisi ya taifa ya kupinga ubaguzi, ijulikanayo kwa kifupi kama INADI, itafungwa. Sababu aliyoitoa ni ile waipendayo watawala: fedha za umma zinapotea na vyeo vinagawiwa wanasiasa.

Ndugu msomaji, lawama hiyo haikuwa uongo mtupu. Kwa miaka mingi wakuu wa taasisi waliteuliwa kwa hisani ya Rais aliyekuwapo, na wengine walitoka moja kwa moja katika uwanja wa siasa. Lakini nyumba ikivuja huezekwa, haichomwi.

Tukumbuke ilivyozaliwa. Mwaka 1988, miaka mitano baada ya utawala wa kijeshi kuondoka, Bunge la Argentina lilipitisha sheria ya kukomesha ubaguzi. Tarehe 18 Julai 1994 bomu liliangusha jengo la jumuiya ya Wayahudi mjini Buenos Aires, watu 85 wakafa. Mwaka uliofuata Bunge likaunda INADI. Tangu hapo Myahudi, mhamiaji kutoka Bolivia, au mlemavu aliyenyimwa kazi aliweza kulalamika bila malipo. Taasisi haikuwa na uwezo wa kumfunga mtu. Ilitoa maoni tu, ambayo mlalamikaji aliweza kuyapeleka mbele ya hakimu. Wapinzani wake waliiita polisi wa mawazo. Polisi gani huyo asiye na pingu?

Mwezi Agosti 2024 ikavunjwa kwa amri namba 696, na kazi zake zikahamishiwa Wizara ya Sheria. Watetezi wa amri hiyo hujibu kwamba Bunge lenyewe lilikuwa limempa Rais Milei mamlaka ya kuvunja vyombo vya serikali. Ni kweli. Bunge lilitaja hata vyombo ambavyo hakuruhusiwa kuvigusa, vya utafiti wa sayansi na kilimo miongoni mwavyo. INADI haikuwamo. Sisi tulioishi chini ya Kifungu 2A, kuanzia 1982 hadi 1991, tunajua hasara ya Bunge linalolegea.

Sheria ya 1988 haikuguswa na amri hiyo, na mahakama zipo. Lakini mfanyakazi wa nyumbani aliyetukanwa kwa rangi yake atamlipa wakili kwa fedha gani? Na akiwa anamlalamikia ofisa wa serikali, barua yake sasa itafunguliwa wizarani, mezani pa waziri wa serikali hiyo hiyo.