Tiba ya mzio wa chakula isijaribiwe nyumbani
Korosho ni zao tegemeo la mikoa ya Lindi na Mtwara, lakini kwa mwenye mzio, punje moja yaweza kumbana pumzi. Januari 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kumeza dhidi ya mzio wa karanga: mtoto hupewa unga wa karanga kidogo kidogo, kipimo kikipandishwa kwa miezi kadhaa hadi mwili ustahimili. Kibali hicho hakikugusa korosho. Aidha, tiba hiyo haiondoi mzio, na yenyewe huweza kuuamsha. Ndiyo maana kipimo hupandishwa mbele ya daktari, adrenalini ikiwa tayari. Hivyo, kwa mzazi wa Kilwa mwenye mikorosho uani, kuwa na chakula chenyewe si kuwa na tiba. Mtoto aepushwe korosho, na akivimba midomo au kubanwa pumzi akimbizwe hospitali.