MAMBO YA JIKONI: Sukari ya Kupambia Biskuti za Idi

Idi inapokaribia katika kambi ya Hagadera, kusini ya mji wa Dadaab katika Kaunti ya Garissa, nyumba nyingi huanza kujitengeneza mapema. Kwa Wasomali si heshima kumpokea mgeni wa Idi pasipo sinia yenye halua, keki, na zile biskuti ambazo wao huziita buskud. Watoto nao huzunguka mlango kwa mlango katika nguo zao mpya, wakitazamia kitu kitamu. Basi mwanamke ajuaye kuoka hupata wanunuzi kwa wingi juma hilo, na mwenye mtaji mdogo aweza kuuzidisha. Aweza pia kuupoteza wote, hata kama biskuti zimetoka motoni zikiwa njema kabisa, ikiwa pambo alilolitia juu limeyeyuka kabla ya kufika sokoni.

Pambo hilo ndilo liitwalo aisingi, na lililoenea sana katika vitabu vya upishi ni lile la siagi iliyopigwa pamoja na sukari laini kama vumbi. Vitabu vingi vya namna hiyo viliandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao shauri hilo halina kosa. Lakini siagi hulainika katika joto la nyuzi 20 tu za sentigredi, na ikifika karibu na nyuzi 35 imekwisha kuwa mafuta. Pande za Garissa, katika Februari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi hizo. Mwaka 2025 Idi ya kumaliza mfungo iliangukia mwisho wa Machi, yaani katika majira ya jua kali, na jokofu si chombo kilichomo katika kila nyumba ya Hagadera. Aliyepamba kwa siagi asubuhi, adhuhuri alikuwa na biskuti zilizolowa mafuta, zimeshikamana, na nzi wamekwisha kuzijua.

Wala asidhani mtu kwamba maziwa ya ngamia, ambayo ni fahari ya nchi ile, yatamwokoa. Mafuta ya maziwa hayo ni ya chembe ndogo mno na hayakubali upesi kusukwa yawe siagi. Samli ya ng'ombe au mbuzi ni nzuri ndani ya biskuti, ikae humo humo.

Iko aisingi ya pili, ya ute wa yai uliopigwa na sukari hata ukawa mweupe na mzito. Hukauka ikawa ngumu na hupendeza macho. Ila ute huo haupikwi, na yai bichi laweza kuwa na vijidudu viletavyo kuhara na homa. Yai lililosafirishwa mbali katika joto ni la kuogopwa zaidi. Chakula kitakachopewa watoto wa mtaa mzima hakifai kujaribiwa hivyo.

Ya tatu ni ya sukari iliyochemshwa, nayo yataka moto mrefu. Hapo ndipo penye jambo zito kuliko upambaji. Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka huko Somalia mnamo Januari 1991, na tangu hapo miti ya karibu imekatwa mpaka wanawake wakalazimika kwenda mbali porini kutafuta kuni. Mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa kuhusu wanawake wa kambi za Kaskazini Mashariki walioshambuliwa na kunajisiwa na majambazi, wengi wao wakiwa katika kutafuta kuni au kuchunga wanyama. Mtu aliyeyasikia hayo hawezi kuhesabu kuni kama kitu cha bure. Kuoka biskuti kwenyewe, kwa kupalia makaa juu na chini ya sufuria, kumekwisha kula moto wa kutosha, pambo lisiongeze.

Inayobaki ni aisingi ya sukari, ndimu na maji, ambayo haihitaji moto, wala siagi, wala yai. Watu wengine huidharau kwa kuwa ni rahisi. Lakini ule ukavu wa hewa ya Hagadera, ambao hupasua midomo na kuyakausha majani, ndio huo huo unaoikausha aisingi hii vizuri.

Sukari laini ya kununua ikipatikana, kazi ni nyepesi. Isipopatikana, hutwaliwa sukari ya kawaida, kikombe kimoja chenye gramu 200 hivi, ikapondwa katika kinu kikavu. Kinu kilichotwangiwa vitunguu saumu jana kisitumike, maana sukari hushika harufu upesi. Ikiisha kupondwa, ichekechwe kwa kitambaa chepesi, na chembe zilizobaki juu zirudishwe kinuni, hata mara tatu. Mtu asichoke hapa. Chembe moja kubwa hutosha kuuharibu ulaini wa biskuti nzima. Kisha hutiwa kijiko kimoja cha mezani cha wanga mweupe wa mahindi, ule utumiwao kuzidisha uzito wa uji wa watoto, ili sukari isigandamane. Unga wa ngano usitiwe mahali pake, kwa sababu unga mbichi nao waweza kuwa na vijidudu. Mwenye kupenda harufu nzuri huponda punje mbili za hiliki pamoja na sukari.

Sasa yaja maji, na wengi hukosea hapa. Sukari huyeyuka kwa maji machache mno, hata maji gramu 100 yaweza kubeba sukari gramu 200. Kwa hiyo kwa kikombe hicho kizima huanza kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu na kimoja cha maji matupu, ikakorogwa kwa nguvu, ndipo huongezwa matone, tone baada ya tone. Ndimu hupunguza utamu uliozidi. Ikiwa tayari, kijiko kikiinuliwa uzi wa aisingi huanguka na kupotea juu ya nyingine mtu akiisha kuhesabu pole pole mpaka kumi. Ukipotea kabla ya tano, ni nyepesi, itamwagika pembeni, iongezwe sukari. Bakuli hufunikwa kwa kitambaa kibichi robo saa, chembe ndogo zipate kuyeyuka.

Kwa kuwa kitu hiki hakipikwi, maji yake hayana budi kuwa safi. Kambi za Dadaab zilipatwa na kipindupindu mwishoni mwa mwaka 2015, na tena kuanzia mwaka 2022. Si lazima kuwasha moto mwingine: maji yaliyochemka katika birika ya chai ya asubuhi, yakiwekwa kando katika chombo chenye kifuniko, yatoshea biskuti za siku nzima. Mikono pia ioshwe kwa sabuni.

Rangi hupatikana jikoni. Bizari kidogo sana, kiasi cha ncha ya kisu, huleta manjano. Maji ya maua makavu ya rozela huleta wekundu, nayo yakitumiwa hutolewa kipimo hicho hicho katika maji matupu. Rangi ya dukani iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya chakula. Rangi ya mikeka na nguo, hata ikiwa nyekundu kama nini, ni sumu kwa tumbo la mtoto.

Biskuti zipoe kabisa kabla ya kupakwa, maana zikiwa na moto aisingi huteleza. Kwa mistari na nyota hukunjwa karatasi safi mfano wa ile ya kufungia njugu, ncha yake ikakatwa kidogo. Karatasi ya gazeti isitumike, wino wake haufai kuliwa. Kisha biskuti hupangwa kivulini kwa saa nne au tano, juu yake kukatandikwa kitambaa kilichonyoshwa juu ya viti ili kisiziguse, kwa kuwa upepo wa kule huchukua vumbi jingi. Miguu ya meza ikisimamishwa katika makopo ya maji, sisimizi hawapandi. Zikikauka, huweza kupangwa moja juu ya nyingine, karatasi katikati, zikapelekwa sokoni hata kwa mkokoteni wa punda pasipo kuharibika.

Kwa wenye kupenda hesabu: biskuti ndogo yatosheka kwa gramu 5 za sukari. Basi kikombe kile cha gramu 200 chapamba biskuti 40, na kilo moja biskuti 200. Bei ya kilo siku ile igawanywe kwa 200, na hapo muuzaji atajua kila pambo limemgharimu nini kabla hajakubali kupunguziwa bei. Yuko muuzaji apambaye biskuti zote alizo nazo ili zivutie. Afadhali apambe nusu, na hizo nyingine aziuze tupu kwa bei ndogo, maana wako wanunuzi wa kila namna, na asiyeweza kulipia nyota na mistari naye ana wageni wa Idi.

Mvua za masika zianzapo, kwa kawaida katika Aprili, hewa hushika unyevu na aisingi iliyokuwa ngumu huanza kunata. Siku hizo biskuti zitiwe katika kopo lenye kifuniko kikazacho mara zikaukapo, na zipambwe kidogo kidogo kwa kadiri ya mauzo ya siku. Sukari iliyopondwa, ikiwa bado kavu, hukaa miezi katika kopo. Ile iliyokwisha kutiwa maji itumike siku hiyo hiyo.