Mama wa wana wa Zebedayo na basi la njano



Simama kando ya barabara hapa Makole saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku yoyote ya shule. Utawaona watoto wa mtaa mmoja wakigawanyika. Wengine wanasubiri basi la njano, sweta lina nembo kifuani, mama ameshika chupa ya maji. Wengine wanapita kwa miguu, shati jeupe na kaptula ya bluu, fagio mkononi kwa kuwa ni zamu yao ya usafi. Jumapili watoto hao hao wanakaa benchi moja kanisani. Ndivyo nilivyodhani, mpaka siku moja ya watoto katika kanisa ninalosali.

Siku ile binti mmoja alisoma somo la kwanza kwa Kiingereza. Alisoma vizuri, na kanisa zima likapiga makofi. Kisha kijana wa umri ule ule, anayesoma shule ya Serikali, akasoma Injili kwa Kiswahili, somo refu, bila kukwama hata neno moja. Tukanyamaza. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yule binti atafika mbali. Jumapili nyingine mwalimu wa shule ya Jumapili alipomwomba kijana asome tena, alijibu kwa adabu tu, “Wasome wale wa basi.” Mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi mara moja tu, tena binti yangu hupanda basi hilo hilo la njano.

Nakuandikia haya wakati nchi inabadilisha elimu yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe miaka kumi, yaani msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Nyumbani mjadala huo hushuka na kuwa swali moja: mwanangu nimpeleke wapi? Na mara nyingi swali hilo huwa la lugha. Shule ya msingi ya Serikali inafundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akiingia kidato cha kwanza anakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mzazi mwenye uwezo anaona shimo lile mbele, anamrusha mwanawe kwa kumpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu awali. Sitamlaumu, maana nami nimefanya hivyo.

Fungua nami Mathayo sura ya 20, kuanzia aya ya 20. Mama wa wana wa Zebedayo anamwendea Yesu, anapiga magoti, anaomba wanawe wawili wakae mmoja kuume na mwingine kushoto katika ufalme. Wahubiri wengi humcheka mama huyu. (Marko, kwa kweli, anasema vijana wenyewe ndio walioomba, kwa hiyo tusimbebeshe mama peke yake.) Yesu hakumfukuza, ila aliwaambia hawajui wanaloliomba. Mimi huwa nabaki zaidi kwa wale wanafunzi kumi. Waliposikia walikasirika. Kwa nini? Kwa jinsi Yesu alivyowajibu wote pamoja, naona hasira yao haikuwa ya haki. Walitaka viti vile vile, wakaudhika kwamba wametanguliwa. Sikiliza mazungumzo yetu baada ya ibada kuhusu shule za kulipia, utawasikia wale kumi wakinung’unika.

Hivyo, ndugu yangu, kosa letu silioni katika ada uliyolipa. Nalitafuta katika kile tulichoacha kukifanya baada ya kulipa.

Januari 2016 Serikali ilipoanza elimu msingi bila ada, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walifurika madarasani. Lilikuwa jambo jema, la kumshukuru Mungu. Ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa Sh10,000 kwa mwaka. Piga hesabu ya chaki, karatasi za mitihani na ukarabati, uone inafika wapi. Mwaka huo huo ukatangazwa uamuzi wa Serikali kuhamia Dodoma, na mji ukapokea familia nyingi. Sisi wazazi neno “bila ada” tukalisikia kama “bila wazazi”. Wenye kujua kuandika barua na kusimama mbele ya ofisa elimu wakahamisha watoto wao, wakahama na sauti zao. Kikao cha shule ya mtaa kikabaki na mama anayeuza ubuyu, ambaye ana uchungu wa kutosha lakini anaogopa kuuliza fedha za madawati zilikwenda wapi.

Kanisa nalo lina historia hapa. Wazee wa Dodoma wanaikumbuka Alliance, sekondari ya misheni. Baadaye ikaitwa Mazengo, kwa jina la mtemi wa Wagogo, ikawa ya Serikali. Leo mahali pale pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa Anglikana, kilichoanza mwaka 2007. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyoweka shule nyingi za misheni mikononi mwa Serikali, na hoja kubwa ilikuwa mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini ya baba yake. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki, naye aliwahi kufundisha Pugu, shule ya misheni. Pugu nayo ilichukuliwa. Makanisa yaliumia. Lakini mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo walikaa dawati moja, na wengi wetu tuliosoma baada ya hapo tunajua tulipata nini.

Mlango ulipofunguliwa tena miaka ya 1990, makanisa yalirudi kujenga. Shule zetu leo hazimuulizi mtoto dini yake, ila zinamuuliza ada. Najua mishahara ya walimu haitoki mbinguni, wala dizeli ya basi. Hata hivyo Yakobo, sura ya 2, anawaonya wale wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini akae chini. Aliwaandikia waumini, kuhusu kusanyiko lao wenyewe. Shule ya kanisa iliyojengwa kwa sadaka ya mkulima wa mtama, na mjukuu wake hawezi kuingia, inapaswa kumnyima usingizi mchungaji na baraza lake.

Nini kifanyike? Kwanza, baraza la kanisa lenye shule lihesabu nafasi ngapi linaweza kuwapa watoto wa washarika wasio na uwezo, na idadi hiyo isomwe kwenye matangazo kama inavyosomwa sadaka. Pili, kanisa lina viti, umeme na walimu wastaafu. Jumamosi mchana jengo liko tupu. Watoto wa darasa la saba wa shule ya jirani, wa dini zote, wangeweza kuanza Kiingereza cha kidato cha kwanza pale pale, bila malipo.

Tatu ni jambo dogo, nami nimelianza kwa aibu. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya Serikali iliyo karibu na nyumbani, nikaomba kuhudhuria mkutano wa wazazi. Aliniuliza mwanangu yuko darasa la ngapi. Nikamwambia sina mtoto pale. Alinitazama kidogo, kisha akaandika jina langu kwenye daftari. Mkutano ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi.