Waridi Limepimwa, Je, Mikono Inayolichuma?



Dawa mpya ya kuua utitiri iletwapo katika kitalu cha maua, haimwagwi ovyo. Hutengwa matuta machache: moja hunyunyiziwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, la pili kipimo maradufu, na la tatu huachwa bila dawa ili pawe na mlinganisho. Kisha majani hukaguliwa siku baada ya siku. Je, yameungua? Machipukizi yamepinda? Wadudu wangapi wamesalia? Utaratibu huo ni mwema, wala hatuupingi. Tunachopinga ni kuuita “usalama” ilhali aliyepimwa ni ua peke yake.

Ua lina watetezi. Mwaka 1991 kampuni ya DuPont iliondoa sokoni dawa ya ukungu iitwayo Benlate DF, baada ya wenye vitalu vya mimea ya mapambo, wengi wao wa Florida nchini Marekani, kulalamika kwamba mimea yao imeharibika. Iliwalipa wakulima takriban dola milioni 500, kisha mwaka 1992 ikasitisha malipo ikidai kwamba dawa hiyo siyo chanzo. Wakabishana mahakamani kwa miaka mingi. Hata hivyo, jambo moja ni dhahiri: jani lilipokunjamana lilisikilizwa, kwa kuwa lina bei.

Je, kibarua wa mashamba ya waridi ya Naivasha ana nani? Jani huonyesha dhara lake kwa siku chache. Mwili wa mtu huweza kulificha kwa miaka. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hudhoofisha kimeng’enya kinachodhibiti mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Mtu huumwa kichwa, hutokwa na machozi, hutapika. Naye aweza kudhaniwa ana malaria. Lakini dhara hilo hupimika kwa damu, mradi damu ipimwe kabla hajaanza kazi na ipimwe tena baadaye.

Tutajibiwa kwamba dawa zote zimesajiliwa. Ni kweli, Kenya ina sheria ya kudhibiti viuatilifu tangu mwaka 1982. Lakini usalama ulioandikwa kwenye lebo ni ahadi yenye masharti: glavu, barakoa, na muda wa kusubiri kabla ya kurudi mahali palipopuliziwa. Kanuni za Marekani za mwaka 1992 ziliweka muda huo kuwa saa 12, 24 au 48, kwa kadiri ya ukali wa sumu. Sharti likivunjwa, ahadi nayo imevunjika.

Tutaambiwa pia kwamba maua hayaliwi. Naam, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 kuhusu mabaki ya viuatilifu yahusu chakula na malisho ya mifugo, si maua. Basi mnunuzi haulizwi kitu, na mzigo wote wa sumu humwangukia achumaye.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila jaribio la dawa kitaluni lieleze pia nani alipulizia, alivaa nini, na watu waliingia baada ya saa ngapi. Pili, wapuliziaji wapimwe damu kwa gharama ya mwajiri na wapewe majibu yao. Tatu, lebo isomwe kwa Kiswahili mbele ya wafanyakazi wote.

Viongozi wa jumuiya, lipelekeni swali hili kwa wenye mashamba: mlilichunguza jani kwa siku kadhaa, mtu mlimchunguza lini?