Samani za nyumba ya mwanasesere ziko jikoni na ufuoni

Mwalimu akiagiza kazi ya mikono, wazazi wengi hukimbilia dukani. Mtoto hurudi na nyumba ya plastiki ambayo hajui hata kitanda chake kiliundwaje. Huo ni ubadhirifu, hasa kwa jamaa wa Kilifi, Watamu na Malindi ambao vifaa vimewazunguka. Wanachohitaji ni rula.

Kabla ya kuokota chochote, chagueni kipimo kimoja, kisha mkifuate. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyokamilika mwaka 1924, ilijengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Kwa mtoto anayetumia sentimita, moja kwa kumi ni rahisi zaidi: mita moja huwa sentimita 10. Mlango wa mita 2 utakuwa sentimita 20, nayo meza ya sentimita 75 itakuwa sentimita 7 na nusu.

Nyumba yenyewe ni katoni. Mkipata nafasi, wapelekeni watoto wakatazame magofu ya Gedi. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Chumba cha mita 2 na nusu kitakuwa sentimita 25, na hapo katoni inatosha.

Sasa tafuteni samani. Kandambili kuukuu iliyotupwa na mawimbi ina unene wa kama sentimita 1 na nusu. Ikatwe sentimita 19 kwa 9, na hilo ni godoro tayari. Kizibo cha soda, chenye upana wa sentimita 3, ni sinia. Visanduku vitatu vya kiberiti vikigandishwa huwa kabati ya droo, na ushanga ndio kishikio.

Lakini si kila kidogo kinafaa. Kifuu cha nazi, ambacho wengi hukifanya beseni, kina upana wa sentimita 10 hivi. Humo ndani kingekuwa beseni la mita nzima! Kivunjeni, kipande kimoja kipigwe msasa kiwe bakuli la wali. Kanga nayo ina maua makubwa mno. Mwombeni fundi cherehani vitambaa vyenye nukta ndogo. Mkeka usukwe kwa miyaa iliyochanwa nyembamba kama uzi.

Angalizo: msiokote kombe wala matumbawe ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968. Ni marufuku. Mikoko pia isikatwe. Vijiti vya chelewa vinatosha. Kisu cha kukatia kandambili kishikwe na mtu mzima.

Yaliyobaki ni kitanda cha kamba, kinu na mchi, na mbuzi ya kukunia nazi. Hapa mzazi asikimbilie kumfanyia mtoto kazi. Amwite bibi. Yeye ndiye ajuaye kamba huanzia upande gani wa kitanda kinapowambwa, na kila kijiti kinaitwaje. Watoto wengi wa mijini hawajapata kuvilalia vitanda hivyo. Alama za mwalimu zitasahaulika muhula ujao, lakini mtoto aliyewamba kitanda cha sentimita 19 akielekezwa na bibi yake ataweza siku moja kuwamba kile kikubwa.